Vyama Vingi Bungeni, Amri ya Mtu Mmoja Kliniki

Wananchi wenzetu,

Kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa Desemba 1991, wengi wetu tuliamini kwamba siku za Mkenya kufungwa mdomo zimekwisha. Kifungu hicho, kilichotiwa katika Katiba mwaka 1982, kiliifanya nchi nzima kuwa mali ya chama kimoja. Tulikipinga kwa sababu tulijua kwamba penye sauti moja tu, mnyonge hana pa kupeleka lalama yake. Leo vyama ni vingi kupindukia, wabunge hurushiana maneno watakavyo, na kila baada ya miaka mitano orodha ya wagombea hurefuka. Lakini tunauliza, na tunataka jibu: mwananchi anapotoka katika kituo cha kupigia kura na kwenda kazini, je, haki zake huingia naye au huachwa mlangoni?

Swali hili laweza kuulizwa katika mashamba ya maua, katika viwanda vya Athi River au miongoni mwa walinzi wa usiku. Leo tunaliuliza mahali ambapo wengi hawakutazamia, yaani katika kliniki za kampuni. Twazungumza juu ya zile kliniki safi, zenye viti vya rangi na runinga ukutani, zilizochipuka katika majumba ya maduka, kando ya vituo vya matatu na katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu na Eldoret. Mgonjwa huingia moja kwa moja bila miadi, hulipa kwa simu au kwa kadi ya bima, hupimwa, hupewa dawa na kwenda zake. Huliona koti jeupe na tabasamu. Hali ya aliyelivaa koti hilo haioni.

ZILITOKA WAPI KLINIKI HIZI?

Hazikuteremka kutoka mbinguni. Mnamo Desemba 1989, serikali ya wakati huo, ikisukumwa na wakopeshaji wa ng'ambo na masharti yao ya kurekebisha uchumi, ilianza kuwatoza wananchi ada katika hospitali za umma. Jina lililotumiwa lilikuwa tamu: kugawana gharama. Ada ya wagonjwa wasiolazwa ilisitishwa mwaka 1990 baada ya wagonjwa kupungua, kisha ada zikarudishwa hatua kwa hatua tangu 1992. Mwananchi akajikuta analipa na bado dawa hazipo, anasubiri kutwa nzima na bado daktari hayupo. Aliyekuwa na shilingi mbili tatu mfukoni akaanza kutafuta mlango mwingine.

Mlango huo ulikuwa kliniki ya mtaani ya daktari mmoja, au ya muuguzi mstaafu aliyejulikana na kila mtu. Baadaye wenye mitaji waligundua kwamba pengo lililoachwa na serikali ni shamba la faida. Kliniki moja ikawa kumi, na zile kumi zikawa mtandao wenye makao makuu, wahasibu na wawekezaji. Hatupingi mtu kufungua kliniki. Mtoto anayetetemeka kwa homa usiku huko Githurai anahitaji mlango ulio wazi, na mara nyingi mlango ulio wazi saa hizo si wa serikali. Tunachokipinga ni faida inayokamuliwa kutoka kwa wale wanaokesha nyuma ya mlango huo.

PUNDA AFE, MZIGO UFIKE

Hatumtaji mwajiri yeyote, kwa kuwa ugonjwa huu si wa nyumba moja. Wala hatusemi kwamba waajiri wote ni sawa. Lakini yeyote aliyepata kufanya kazi katika kliniki za namna hii, awe tabibu, muuguzi, mtaalamu wa maabara, mfamasia au daktari kijana, atayatambua tunayoyasema.

Kwanza ni ajira yenyewe. Wengi huajiriwa kwa zamu, na huitwa lokamu. Zamani lokamu alikuwa mtu aliyeshika nafasi ya mwenzake aliyekwenda likizo. Leo yupo lokamu anayeshika zamu zile zile, katika chumba kile kile, mwaka wa pili sasa, na hakuna ajuaye anashika nafasi ya nani. Hana barua ya ajira. Ratiba ya zamu hutolewa katika kundi la WhatsApp, na anayelalamika haandikiwi barua ya kufutwa kazi. Jina lake halionekani katika ratiba ya wiki ijayo, basi.

Pili ni saa za kazi. Zamu moja ni saa 12, na mara nyingi tabibu ni mmoja, muuguzi ni mmoja. Hakuna wa kumpokea akitaka kula, na mgonjwa aliyeingia dakika za mwisho lazima ahudumiwe bila ujira wa ziada. Anayefanya zamu sita za namna hiyo kwa wiki amefanya kazi saa 72. Amri ya jumla ya mishahara katika nchi hii imeweka wiki ya kawaida ya kazi isiyozidi saa 52. Je, zile saa 20 zilizobaki ni sadaka?

Tatu ni malipo. Hutumwa kwa M-Pesa, hayana hati ya mshahara, na siku yake haijulikani. Mfanyakazi huyo huandikwa vitabuni kama mshauri, yaani mfanyabiashara aliyekuja kuuza utaalamu wake, akakatwa asilimia 5 ya kodi inayokatwa washauri, huku mwajiri akikwepa mchango wa NSSF. Mfanyabiashara gani huyu asiyepanga bei yake, asiyechagua saa zake, na ambaye hawezi kuondoka kabla ya msimamizi kumruhusu? Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hospitali na kliniki binafsi zilipaza sauti juu ya madeni ambayo hazikulipwa. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Lakini deni la bima likichelewa, anayeambiwa avumilie kwanza ni muuguzi, wala si mwenye jengo anayengoja kodi yake.

Nne ni usalama. Sindano ikimchoma muuguzi akimtoa mgonjwa damu, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI yafaa zianzwe upesi, kabla ya saa 72 kupita, na zimezwe kwa siku 28. Homa ya ini ya aina ya B ina chanjo inayojulikana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlazimu mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamtaka awakatie bima. Mwulize lokamu kama amechanjwa na mwajiri wake. Mwulize akichomwa usiku wa Jumapili atampigia nani simu.

Tano ni mama mjamzito. Sheria inampa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Muuguzi wa zamu hupata likizo ya namna nyingine: tumbo linavyokua, zamu hupungua, hata zikaisha kabisa. Huyo ndiye anayewashauri wanawake wengine juu ya kupumzika wakati wa uja uzito!

SHERIA IPO, NANI ANAISIMAMIA?

Wananchi wenzetu, hatuombi fadhila. Kifungu cha 41 cha Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Kinampa mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kuunda chama na kujiunga nacho, na kugoma. Hakikusema kwamba haki hiyo ni ya aliyeajiriwa na serikali peke yake.

Sheria ya Ajira ya 2007 nayo ni wazi. Inataka mfanyakazi apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi. Inampa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo kamili. Inampa malipo akiugua. Kifungu chake cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haitarajiwi kumalizika katika miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Je, ipo siku kazi ya kutibu wagonjwa itamalizika katika kliniki isiyofunga mlango mwaka mzima? Basi, kwa maoni yetu, lokamu wa mwaka wa pili ni mwajiriwa kamili ambaye haki zake zimefichwa nyuma ya neno la kigeni.

Tatizo ni usimamizi. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno hutoa leseni za vituo vya afya, na wakaguzi hutazama vyumba, maji, vifaa na vyeti vya watumishi. Hayo ni mema. Lakini mkaguzi anayepima upana wa chumba cha daktari, mbona asiulize daktari huyo amekaa humo saa ngapi? Na afisa wa leba yuko wapi? Kliniki hazijifichi, zina mabango yanayowaka usiku kucha.

MGONJWA NDIYE ANAYELIPA

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya wafanyakazi na waajiri wao, yeye hayamhusu. Yanamhusu sana. Katika kliniki ya kampuni, tarakilishi humhesabia tabibu wagonjwa aliowaona na wastani wa fedha alizolipa kila mmoja wao. Mwisho wa mwezi msimamizi humwita aliyepungukiwa. Hamwambii kwa maneno wazi aandike vipimo visivyohitajika. Humwonyesha orodha, na jina lake liko chini. Mtu asiye na mkataba, mwenye kodi ya nyumba na karo ya wadogo zake, ataelewa anachoambiwa.

Matokeo yake twayajua. Nani kati yetu hajapata kuambiwa ana homa ya matumbo baada ya kipimo cha Widal? Kipimo hicho cha zamani hudanganya mara nyingi, hasa kikifanywa mara moja tu, na wataalamu wamelisema hilo kwa miaka mingi. Lakini huleta fedha za maabara, kisha huleta fedha za dawa za kuua bakteria, na dawa zinazotumiwa ovyo hufundisha vijidudu kuzishinda. Kwa hiyo mgonjwa hulipa mara tatu: mfukoni, mwilini, na siku ambayo atahitaji dawa hiyo kwa kweli akakuta haifanyi kazi tena.

Na likitokea kosa? Leseni ya kutibu ni ya tabibu mwenyewe. Aliyekuwa katika saa yake ya kumi na moja bila kula, na mgonjwa wa arobaini mbele yake, ndiye atakayeitwa mbele ya baraza lake la taaluma ajibu. Aliyepanga zamu hiyo kutoka makao makuu hana leseni ya kunyang'anywa. Mamlaka yote yako juu, lawama zote ziko chini. Sisi tulioishi chini ya utawala wa chama kimoja tunaujua mpango huu. Tofauti ni kwamba sasa una nembo ya kampuni.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Mwaka 1994 madaktari wa hospitali za umma waligoma, na mojawapo ya madai yao makubwa ilikuwa kusajiliwa kwa chama chao cha wafanyakazi. Serikali ilikataa. Ilikubali vyama vingi vya kugombea kura, ikakataa chama kimoja tu cha madaktari. Ilijua ilichokiogopa: mtu aliye na chama kazini hujifunza kusema, na akishajifunza kusema kazini hanyamazi tena mahali pengine.

Ilitubidi tungoje Katiba ya 2010. Mwaka 2011 chama cha madaktari, KMPDU, kikasajiliwa, na Juni 2013 kikatia sahihi mkataba wa pamoja na serikali. Mkataba huo haukuheshimiwa, na kuanzia 5 Desemba 2016 madaktari waligoma kwa siku 100. Februari 2017 viongozi wao walifungwa jela kwa kudharau amri ya mahakama. Mwaka 2024 waligoma tena kwa siku 56, na malipo ya madaktari walio katika mafunzo ya kazi yalikuwa kiini cha ugomvi: makubaliano yalisema shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikawapa shilingi 70,000. Wagonjwa waliumia katika migomo hiyo, na hatulifichi hilo. Lakini madaktari hao walikuwa na mahali pa kusimama, wakaonekana, wakasikika.

Aliye katika kliniki ya kampuni asimame wapi? Desemba 2020, wakati wa janga la Korona, daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa ugonjwa huo alifariki, na nchi nzima ikajua kwamba alikaa miezi bila mshahara na bila bima ya afya. Yeye alikuwa katika utumishi wa umma, na chama kilimlilia hadharani. Je, angekuwa lokamu wa zamu za usiku, nani angejua?

Fauka ya hayo, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 huzihesabu huduma za hospitali kuwa za lazima na huzuia mgomo ndani yake. Tusibishane leo kama kizuizi hicho kinapatana na Katiba. Tunasema hivi: kadiri mfanyakazi anavyozuiliwa kugoma, ndivyo anavyostahili kupewa meza ya kujadiliana. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba chama kikipata wingi wa kawaida wa wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga nacho, mwajiri hana budi kukitambua. Ndiyo maana mtego wa lokamu una faida kubwa kwa kampuni: asiyehesabiwa kuwa mwajiriwa hahesabiwi katika wingi huo.

WATAJIBU NINI?

Watasema: hakuna aliyelazimishwa, asiyependa aache. Hivi ndivyo walivyosema hata wakoloni juu ya vibarua wa mashambani. Nchi hii ina matabibu, wauguzi na madaktari waliosomeshwa kwa jasho la wazazi na fedha za umma, ambao serikali kuu na kaunti hazijawaajiri ingawa vituo vinawahitaji. Jeshi hilo la wasio na kazi ndilo fimbo ya mwajiri. Hiari ya mwenye njaa ni hiari gani?

Watasema: mishahara ikipanda, bei itapanda, na maskini atakosa matibabu. Hoja hii haina budi kujibiwa kwa uzito, maana kliniki hizi zinawahudumia wengi. Tunajibu kwamba vipimo visivyohitajika tayari ni bei iliyopanda, ila imefichwa ndani ya risiti. Kampuni na zifungue vitabu vyake mbele ya wafanyakazi. Ikithibitika kwamba fedha hazipo kwa sababu bima ya umma hailipi kwa wakati, tutasimama pamoja nazo kuidai serikali. Lakini fedha za kufungua tawi jipya zikipatikana, za likizo ya muuguzi zitapatikana pia.

Watasema, mwisho, kwamba utabibu ni wito. Ni kweli, na walioitikia wito huo wanaukesha kila usiku. Lakini mwenye nyumba hapokei wito badala ya kodi, wala matatu haibebi mtu kwa wito.

TUNADAI

1. Kila anayefanya kazi katika kliniki za kampuni kwa zaidi ya mwezi mmoja mfululizo apewe barua ya ajira na haki zote za Sheria ya Ajira, hata akiitwa lokamu.

2. Utoaji na uhuishaji wa leseni za vituo vya afya ufungamanishwe na hali ya wafanyakazi: saa za zamu, idadi ya watumishi katika kila zamu, chanjo, na bima ya majeraha kazini.

3. Waziri wa Leba aunde baraza la mishahara la vituo vya afya vya binafsi, kama Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 inavyomruhusu, ili kima cha chini cha malipo ya zamu kijulikane nchi nzima.

4. Kumpima tabibu kwa fedha alizoziingiza kupigwe marufuku. Apimwe kwa ubora wa matibabu.

5. Vyama vya madaktari, matabibu na wauguzi viache kungoja mlangoni mwa hospitali za serikali tu. Viwaendee wa kliniki za kampuni, viwaandikishe kwa pamoja, na visigombanie wanachama.

6. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipe madeni halali kwa wakati, ili udhuru huu uondoke mezani.

Kwa walio ndani ya kliniki hizo tunasema: andikeni saa zenu. Wekeni kumbukumbu za malipo yenu ya M-Pesa na ratiba zenu za zamu, kwani siku ya kufika mbele ya afisa wa leba au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, hizo ndizo hati mlizonyimwa. Mtafuteni mwenzenu wa tawi la pili. Yamkini naye anadhani yuko peke yake.

Na kwa mgonjwa tunasema: ukiketi katika kiti kile cha rangi ukingoja jina lako liitwe, mwulize anayekuhudumia ameanza zamu saa ngapi. Swali hilo halitozwi ada. Wakiliuliza wagonjwa wa kutosha, litafika hadi makao makuu.

Tulidai vyama vingi ili kila Mkenya awe na sauti mahali anapoishi. Mwenye kliniki ya kampuni anaishi sehemu kubwa ya siku yake ndani ya mshahara wa wengine. Aliyeajiriwa humo anaishi saa 12 za siku yake ndani ya amri ya mtu mmoja. Kazi tuliyoianza haijakwisha. Haki ya mfanyakazi ifike hadi kliniki, na ifike sasa!